Paa la Nyumba Penye Mvua Nyingi

Shikamooni wazee wangu. Na nyie wenzangu, habari za mchana. Kabla sijasema lolote, tazameni juu ya dirisha la tatu la ukumbi huu. Lile doa la rangi ya chai mnaliona? Tutalirudia.

Nimeitwa niseme bati gani linafaa hapa Tukuyu. Mvua yetu inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Ikianza Novemba hatuagani nayo hadi Mei. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo paa la mita 150 za mraba, likinyeshewa milimita 40 jioni moja, limebeba lita 6,000. Halafu mtu anaingia dukani, swali la kwanza: rangi gani zipo?

Vipande hivi viwili vipitisheni mkononi. Kile kinachobonyea kwa kidole gumba ni geji 32, kigumu ni geji 28. Namba ikipanda, bati ni jembamba. Hapo ndipo wengi tunapigwa. Mimi nyumba yangu ya kwanza niliipaua kwa geji 32, nikajiona mjanja. Fundi alikanyaga kati ya papi na papi, zile mbao bati linapopigiliwa, bati likabonyea, maji yakawa yanatuama pale pale, kutu ikaanza. Mwaka wa sita nilikuwa natega ndoo sebuleni.

Mkiweza, chukueni lililopakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Penye unyevu hudumu kuliko lililopakwa zinki tupu. Ila lisigusane na saruji mbichi, wala na mbao za dawa ambazo hazijakauka. Zinalila.

Vigae? Vizuri, havipigi kelele. Lakini mita moja ya mraba ni kama kilo 45, bati la geji 28 ni kama kilo 4. Paa lile lile la mita 150 linakuwa karibu tani 7, na kenchi zako, zile mbao za kubeba paa, je? Tena vinataka mwinuko mkali: kila mita moja ya kwenda mbele, paa lipande karibu sentimita 60. Bati linaweza kulala zaidi ya hapo, ila kwa mvua yetu nisingeshuka chini ya sentimita 40. Babu zetu walioezeka nyasi walisimamisha paa kweli kweli, maana nyasi zikilazwa zinaoza.

Na hizi nyumba za kuficha paa nyuma ya ukuta, vijana, mnanisikia? Majani ya mparachichi yakiziba bomba moja tu, umejenga bwawa juu ya dari.

Turudi kwenye doa. Bati lisilo na kutu halivuji katikati ya karatasi yake. Linavuja msumari ulipopigwa bondeni mwa mkunjo wa bati badala ya mgongoni, au mpira wake umepasuka. Linavuja kwenye kiungio kifupi, bati moja lisipolalia jingine vya kutosha, na paa mbili zinapokutana. Jana nilipanda juu ya ukumbi huu. Pale paa la veranda linapoungana na hili kubwa, bati la kwenye bonde la maungio hayo halifiki upana wa viganja viwili, na limejaa majani. Mabati mengine yote ni geji 28, hayana hata tone la kutu.