Madaudi Watatu na Mtihani wa Keshokutwa

Hamjambo ndugu zangu wa nyumbani. Huku usiku umeshakuwa mkubwa, nanong'ona kwa sababu wenzangu wawili wamo chumba cha pili, bado wanadurusu. Keshokutwa tuna mtihani wa historia ya sanaa.

Mtihani wenyewe uko hivi: mhadhiri anaonyesha picha mbili ukutani, bega kwa bega. Unaandika kazi ni ya nani, ya lini, imetengenezwa kwa kitu gani, halafu unazilinganisha. Muda ukiisha zinaondoka, zinakuja nyingine.

Basi mimi wiki nzima nimekariri. Nina kadi, mbele picha, nyuma jina na mwaka. Leo jioni tukaanza kuulizana, nikajibu zote. Mpaka mwenzangu mmoja akanionyesha sanamu ya Daudi iliyochongwa na Michelangelo, akasema, "Mwaka tunaujua. Huyu kijana anafanya nini?" Nikakwama! Nilijua 1501 hadi 1504, nilijua marumaru, nilijua urefu wa mita 5.17. Daudi mwenyewe sikuwa nimemtazama.

Yule mwenzangu akainuka, akatundika skafu begani kama kombeo, akaweka uzito wote mguu wa kulia, akageuza shingo. Akatulia hivyo, amekunja uso. Hapo nikaelewa: huyu bado hajapigana! Kichwa cha Goliathi hakipo popote. Anampima adui kwa macho, na mishipa ya mkono imeshasimama.

Tukamchukua Daudi wa shaba wa mchongaji Donatello, wa karne ya 15. Mwaka wake kamili wataalamu wenyewe hawajakubaliana, kwa hiyo usipoteze usingizi. Huyu amevaa kofia na buti tu, upanga mkononi, mguu juu ya kichwa cha Goliathi. Yamekwisha. Kijana mwembamba, ametulia, kama mtu anayewaza mbali.

Halafu Daudi wa Bernini, 1623 hadi 1624, mchongaji mwenyewe hajafikisha hata miaka 26. Tulipojaribu kusimama kama Daudi wake hatukuweza, mwili umepinda kama kamba inayosokotwa, midomo ameibana kwa meno, jiwe liko karibu kuruka. Mwenzetu wa pili, mkimya sana yule, akasema: "Goliathi yuko wapi? Yuko huku tulikosimama sisi." Jamani, nilisisimka. Ukisimama mbele ya sanamu ile, adui yuko nyuma yako, na wewe umo katikati ya vita. Hiyo ndiyo Baroko, ule mtindo wa sanaa wa karne ya 17 unaokuvuta ndani ya tukio, na nilikuwa nimeisoma mara kumi kitabuni bila kuiona.

Kwa hiyo kabla, wakati na baada. Mwaka ukinitoroka ndani ya chumba cha mtihani, nitaurudia kwa kuanzia mwilini: huyu ametulia, huyu anajiandaa, huyu anarusha.

Sasa wananiita, zimebaki picha mbili za kuchorwa za Yudithi, yule mjane wa Kiyahudi wa hadithi ya kale, akimuua Holoferne, jemadari wa adui, moja ya mchoraji Caravaggio, nyingine ya mchoraji Artemisia Gentileschi, ile iliyoko katika jumba la makumbusho la Uffizi, Florence, Italia. Zitafuteni mziweke pamoja, nanyi mtusaidie kuzisoma. Mwacheni kwanza Yudithi. Mtazameni mtumishi wake: kwa Caravaggio ni bibi kizee aliyesimama pembeni na nguo yake mkononi, kwa Artemisia ni msichana, naye amemkandamiza yule mwanamume kwa mikono miwili.