Baka Lisilosikia Dawa

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu matabibu na wauguzi, habari za mchana.

Nitaanza na mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuja kliniki na mfuko wa nailoni. Nilipomuuliza ametumia dawa gani, aliumimina mezani. Mirija ya krimu kumi na moja. Ya choa, ya pumu ya ngozi, ile ya mchanganyiko wa dawa tatu ambayo kila duka la dawa linauza bila cheti. Miaka sita ya kujipaka. Mabaka yake yalikuwa meupe, yamefifia, yana magamba laini, yamekaa kiunoni, makalioni na mapajani. Zahanati ya kwanza walimchunguza ukoma, na walifanya vizuri, kwa sababu baka jeupe kwetu huku lazima ulifikirie hivyo. Lakini pamba ilipopitishwa juu ya baka aliihisi vizuri, na mishipa yake ya fahamu haikuwa imevimba. Haukuwa ukoma. Basi shauri likaishia hapo, na mimi, nasema haya nikiwa na majuto, nikamwandikia mrija wa kumi na mbili.

Ugonjwa wake unaitwa maikosisi fungoidesi. Jina hilo limewapotosha wengi, maana linasikika kama fangasi. Alibert, daktari wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, aliuelezea mwaka 1806 kwa mgonjwa ambaye ngozi yake ilikuwa imeota vinundu mfano wa uyoga, na jina likabaki na uyoga wake. Fangasi haimo. Ni limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu aina ya T, zile za ulinzi wa mwili, ambazo badala ya kupita kwenye ngozi na kuondoka zinaweka makazi humo na kuzaana. Hauambukizi. Mume wa yule mama alikuwa amehamia kulala sebuleni, kwa hiyo narudia: hauambukizi, kwa kugusana wala kwa kulala pamoja.

Kwa kawaida huwapata watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wanaume zaidi. Lakini kwenye ngozi nyeusi kuna sura hii ya mabaka meupe, na hiyo huwapata vijana, hata watoto. Vitabu vingi vimejaa picha za mabaka mekundu kwenye ngozi nyeupe. Ukijifunza kwa picha hizo tu, huyu wa kwetu atakupita mlangoni.

Tunautambuaje? Kwa kukata kinyama. Watu wanaliogopa neno hilo, kwa hiyo niwaonyeshe kifaa chenyewe. Kama kalamu, mdomoni kina kisu cha duara cha milimita 4 hadi 6. Tunachoma ganzi, tunakizungusha, tunatoa kipande kidogo kuliko punje ya mahindi, tunashona nyuzi moja au mbili. Kwenye hadubini mtaalamu anatafuta chembe zenye kiini kilichojikunja, zimejipanga foleni kwenye sakafu ya tabaka la juu la ngozi, kila moja ina duara jeupe kuizunguka. Tatizo ni kwamba mwanzoni zipo chache na zinafanana na za pumu ya ngozi. Jibu likirudi “uvimbe wa kawaida”, halafu baka la mgonjwa bado lipo, kata tena, sehemu nyingine, na umwandikie mtaalamu unachokishuku. Yule mama alipatikana kwenye kipande cha tatu. Na kabla ya kukata, krimu za steroidi, zile za kutuliza uvimbe wa ngozi, ziachwe wiki mbili hadi nne, pamoja na mkorogo, ambao mara nyingi una steroidi ndani. Dawa hizo zinazifukuza chembe kwa muda, hadubini ikaona ngozi safi.

Sasa swali ambalo kila mgonjwa analiuliza akiangalia chini: nitaishi? Chukua kiganja chako pamoja na vidole. Hicho ni karibu asilimia 1 ya ngozi yako. Mabaka yasipofika viganja kumi, na vinundu hakuna, uko hatua ya kwanza kabisa. Utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010, wa wagonjwa zaidi ya 1,500, uliona kwamba katika hatua hiyo watu 94 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Vikishaota vinundu, wanashuka hadi 47. Wenye mabaka meupe kama ya fundi wetu walionekana kuishi vizuri zaidi.

Familia nyingi hudai tiba kali mara moja, dripu za saratani, na ninawaelewa. Lakini Marekani walilipima jambo hili kwa wagonjwa 103, majibu yakatoka 1989: nusu walipewa mionzi ya ngozi ya mwili mzima na dripu mapema, nusu wakaanza na tiba za kupaka. Wa kwanza walisafika ngozi zaidi, wakateseka zaidi, na hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Kwa hiyo mabaka tunaanza na steroidi kali ya kupaka kwa mpango, au mwanga wa UVB, yaani aina ya mwanga wa urujuanimno, mara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa. Methotrexate, dawa inayozuia chembe kuzaana, na mionzi, kama ile ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tunawawekea waliosonga mbele au wenye vinundu.

Kinachonisumbua ni nauli. Mwanga mara tatu kwa wiki, kwa mtu anayepanda daladala mbili, ni kazi inayosimama. Fundi wetu alihamia kwa dada yake karibu na hospitali, akaja na cherehani. Baada ya miezi mitano rangi ilianza kurudi mapajani, vidoa vidoa. Mwaka uliofuata baka moja liliibuka tena kiunoni, nusu kiganja. Alilipima mwenyewe kwa futi ya ushonaji, akaandika tarehe kwenye daftari la vipimo vya wateja, akanipigia simu.