Sheria Isiyoamini Uchawi

ZUHURA: Kaka Kazungu, leo naanza na swali. Nimo kwenye matatu, natoka Mombasa naenda Malindi. Askari wanasimamisha gari, wanapekua mkoba wangu, wanakuta tunguri yenye dawa ndani. Nina kesi?

KAZUNGU: Waweza kuwa nayo, dada. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925. Inasema mtu akikutwa na hirizi au kifaa kinachotumika kwa uchawi wa kutisha watu au kuwadhuru, na hana sababu ya maana ya kukaa nacho, ametenda kosa. Wa kujieleza ni wewe.

ZUHURA: Mwaka 1925! Na bado inatumika?

KAZUNGU: Haijafutwa. Hata kabla yake palikuwa na nyingine ya 1909. Na kwenu Tanzania hamjapona, ya kwenu ni ya 1928.

ZUHURA: Sura ya 18, naijua. Kwa hiyo wasikilizaji wetu, karibuni. Juma lililopita tuliahidi sheria za ajabu na kesi za mauaji, na mimi na Kazungu tukajikuta wote wawili tumeangukia sheria hiyo moja. Tuna mengi. Nianzie kifungu kilichonifanya nisome mara mbili?

KAZUNGU: Cha kumwita mtu mchawi?

ZUHURA: Hicho hicho. Kwa sheria ya Kenya, ukisimama sokoni ukamwambia jirani yako "wewe mchawi", umevunja sheria, na kifungo chaweza kufika miaka 5. Lakini ukienda na maneno hayo hayo kwa chifu au polisi, huna kosa. Neno ni lile lile, linalotazamwa ni umelipeleka wapi.

KAZUNGU: Na mimi naona hapo waliotunga walikuwa na akili. Walijua ukilitupa neno hilo sokoni, kesho kuna maiti. Tatizo langu liko kifungu cha juu yake, kile cha mchawi mwenyewe. Hakisemi "ni marufuku kuroga". Kinamtia hatiani anayejifanya ana nguvu hizo ili kuwatia watu hofu au kuwadhuru. Anayejifanya, dada.

ZUHURA: Yaani mtu akisimama kizimbani akasema "ndiyo, mheshimiwa, mimi naroga", anafungwa kwa kudanganya.

KAZUNGU: Kwa kudanganya! Kijiji kizima kimekuja kumshitaki muuaji, mahakama inamfunga mlaghai.

ZUHURA: Na lugha hiyo imetoka Uingereza. Mwaka 1735 Bunge lao lilifuta kosa la kuwa mchawi, lile ambalo watu walikuwa wakinyongwa kwalo, likaweka kosa jipya la kujifanya mchawi. Adhabu yake mwaka mmoja jela. Sasa ruka mpaka 1944, vita vya dunia vinaendelea. Yuko mwanamke mmoja Mskochi, Helen Duncan, anaendesha vikao vya kuita roho za wafu.

KAZUNGU: Huyu ndiye wa meli?

ZUHURA: Ndiye. Manowari ya Uingereza, HMS Barham, ilizamishwa katika Bahari ya Mediterania Novemba 1941, wakafa mabaharia zaidi ya 800, na serikali ikaificha habari kwa muda. Inasimuliwa kwamba Duncan alimleta kikaoni baharia wa meli hiyo kabla habari haijatangazwa. Januari 1944 akakamatwa Portsmouth, akashitakiwa London kwa sheria ile ya 1735, akafungwa miezi 9. Watu wengi mtandaoni wanamwita mchawi wa mwisho kufungwa Uingereza. Si kweli, kwa maana hakufungwa kwa uchawi. Alifungwa kwa kujifanya.

KAZUNGU: Na wenyewe wakaifuta.

ZUHURA: Mwaka 1951. Wameifuta kwao, mtoto wake amebaki kwetu.

KAZUNGU: Basi tuje Ukambani, Machakos. Hii kesi nimekaa nayo wiki mbili, dada. Mwaka 1931. Mke wa bwana mmoja aitwaye Kumwaka wa Mulumbi anaugua, hasemi, ulimi umefungwa. Wanasema amerogwa, na aliyemroga wanamtaja, mwanamke jina lake Mwaiki. Wanamwita aje amwondolee. Na mwisho wa habari, kundi la wanaume wanampiga kwa fimbo mpaka anakufa.

ZUHURA: Kundi la watu wangapi?

KAZUNGU: Waliofikishwa mahakamani walikuwa 70.

ZUHURA: Sabini, kwa mwanamke mmoja.

KAZUNGU: Na ukiwasikiliza, hawakujiona wauaji. Wakamba walikuwa na kitu chao kinaitwa king'ole. Ni hukumu ya jamii juu ya mtu aliyeonekana hatari kwa wote, na inatekelezwa na wengi ili damu isimwangukie mmoja. Kwao mahakama ilikuwa imeshakaa, na hukumu imeshapita. Mbele ya jaji wa kikoloni huo ulikuwa ni umati wa watu uliofanya mauaji. Mwanzoni mwa 1932, watu 60 wakahukumiwa kunyongwa.

ZUHURA: Sitini kwa siku moja! Walinyongwa?

KAZUNGU: Hapana. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, haikuwasaidia. Lakini serikali ya koloni haikuthubutu kunyonga wanaume 60 wa eneo moja, hukumu zikapunguzwa kuwa vifungo. Huko Uingereza nako watu walikuwa wanauliza maswali, maana dola iliyoleta haki Afrika ilionekana inajiandaa kuua watu 60 kwa kosa ambalo wenyewe waliliona ni kujilinda.

ZUHURA: Ngoja hapo kwenye "kujilinda", maana ndipo mimi na wewe tunapoachana. Kuna kesi ya Uganda, 1941, Fabiano Kinene na wenzake. Usiku wanamkuta mtu yuko uchi, anatambaa uani kwao. Sasa wewe ni mtu wa pwani, nikikwambia mtu uchi usiku anatambaa uani kwako, unawaza nini?

KAZUNGU: Mwanga, mchawi wa usiku. Hakuna haja ya kuuliza.

ZUHURA: Na wao wakawaza hivyo hivyo. Wakamkamata, wakamuua kwa njia ya zamani iliyokuwa ikitumika kwa wachawi. Njia hiyo sitaieleza hapa, kuna watoto wanatusikiliza. Wakashitakiwa kwa mauaji. Rufani ikasema ikiwa mshitakiwa aliamini kwa dhati kwamba mtu yule, mbele ya macho yake, alikuwa anamroga yeye au mtu aliye chini ya ulinzi wake, na akapandwa na ghadhabu ya ghafla mpaka akapoteza kujizuia, basi ni kosa la kuua bila kukusudia. Kosa la mauaji likaondoka.

KAZUNGU: Na mimi naikubali hukumu hiyo. Jaji afanye nini? Amnyonge mtu ambaye moyoni mwake ameona mauti inamjia mlangoni?

ZUHURA: Naelewa, kaka. Lakini tazama kinachopimwa. Wanampima muuaji: aliamini kiasi gani, alikasirika kiasi gani. Yule marehemu alikuwa nani? Huenda alikuwa mgonjwa wa akili. Huenda alikuwa mlevi aliyepotea njia. Kesi nzima haikuhitaji kujua.

KAZUNGU: Hilo siwezi kulipinga. Lakini mlango wenyewe haukufunguliwa sana. Mwaka 1951 akaja Eria Galikuwa, huko huko Uganda. Mganga anamdai shilingi 150, asipolipa dawa itammaliza. Hana hela. Anaogopa, halali. Mwisho anakwenda kumuua mganga.

ZUHURA: Huyu nilimwonea huruma kuliko wote.

KAZUNGU: Hata mimi. Na huyu hakupona. Mahakama ilisema kuamini uchawi peke yake si utetezi. Tena ikasema hofu si hasira. Ghadhabu ya ghafla inapunguza kosa, woga wa siku nyingi haupunguzi.

ZUHURA: Ukimuua kwa hasira ya dakika moja, sheria inakuonea huruma. Ukimuua baada ya miezi ya kutolala, haikuonei. Nimeisoma hiyo nikajiuliza kama majaji wale waliwahi kuishi na mtu aliyeambiwa karogwa. Hali. Hanywi. Anakauka huku unamwona.

KAZUNGU: Turudi kwenu kidogo. Sheria ya Tanzania ina kitu kingine.

ZUHURA: Kuhamishwa. Mkuu wa wilaya akifanya uchunguzi akaridhika kwamba mtu fulani anafanya uchawi, anaweza kumwamuru akaishi mahali fulani alipopangiwa. Hapo hakuna jaji. Uganda walikuwa na kinachofanana nacho katika sheria yao ya 1957, isipokuwa kule mahakama ndiyo iliyotoa amri. Bwana Salvatori Abuki alikiri kosa, akafungwa miezi 22, na juu yake akapigwa marufuku kurudi nyumbani kwake miaka 10 baada ya kutoka jela.

KAZUNGU: Miaka 10 bila shamba, bila nyumba.

ZUHURA: Ndicho alichokwenda kulalamikia. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ikakubaliana naye, na 1999 Mahakama ya Juu ikasema vivyo hivyo: kumfukuza mtu kwake ni adhabu ya kikatili, inakiuka Katiba. Hoja iliyonigusa ni nyepesi kabisa. Mkulima ukimtoa shambani kwake umemnyima chakula na paa.

KAZUNGU: Lakini kuna jambo, dada. Kuna siku mtuhumiwa akibaki nyumbani anakufa. Kwetu Kilifi wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi, na si kwa urembo. Mvi zimekuwa ushahidi. Mzee ana shamba, vijana wanalitaka liuzwe, ghafla mtoto wa ukoo anaugua, na jina linalotajwa ni la mzee. Huko Ganze, Kaya Godoma, pana mahali wanapokimbilia wazee waliotajwa hivyo. Hawajahukumiwa na yeyote. Wanaogopa tu kulala kwao.

ZUHURA: Na Usukumani ni macho mekundu. Bibi amepika miaka 50 kwa kuni na samadi kavu, moshi umemharibu macho, halafu macho yale yale yanamuua. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Ramli chonganishi ndiyo inayotoa jina, na panga linafuata.

KAZUNGU: Kisii, Mei 2008, watu 11 walichomwa moto. Wazee, wengi wao wanawake. Sheria ya 1925 ilikuwepo siku hiyo, na kifungo kile cha miaka 5 kwa anayemtaja mtu mchawi kilikuwepo.

ZUHURA: Kwa hiyo ungeifuta?

KAZUNGU: Ningefuta yote nikaacha kifungu kimoja, cha anayetaja. Nacho ningekiondolea ule msamaha wa kwenda kwa chifu. Chifu naye ana masikio ya kijijini.

ZUHURA: Hapo tumekubaliana, na si kawaida yetu. Mimi ningeongeza kwamba kila jina likitajwa, polisi waanze kwa kuuliza shamba ni la nani.

KAZUNGU: Nimalizie na Machakos, maana nilisema nimekaa nayo wiki mbili. Kwenye vitabu vya sheria kesi ile inaitwa Rex, yaani Mfalme, dhidi ya Kumwaka wa Mulumbi na wengine 69. Nilitafuta mahali Mwaiki mwenyewe alipozungumza. Siku ile walimwita atibu, kwa hiyo lazima alisema kitu. Nimekuta maneno ya washitakiwa, maneno ya majaji, maneno ya maofisa. Ya kwake sijayaona.

ZUHURA: Mwaiki.

KAZUNGU: Mwaiki.