Sentensi ya Tatu

Bwana Yesu asifiwe. Asanteni, ketini. Nimepewa muda mfupi, na mimi ni mtu wa mabano mengi, kwa hiyo nikipotea njiani mwenyekiti ana ruhusa ya kukohoa.

Nianze na daftari. Ilikuwapo miaka ambayo nililala na daftari dogo la mistari chini ya mto. Biblia hii tuliyoshika ina sura 1,189. Ukisoma nne kila siku unamaliza mwezi wa kumi, na miezi miwili inayobaki ni ya kujipongeza. Kila sura niliyoimaliza niliiwekea alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Usiku mmoja nikasinzia nikiwa Walawi 13, pale kuhani anapokagua ngozi ya mgonjwa, nywele zimegeuka nyeupe au hazijageuka. Nikazinduka saa tisa, moyo unadunda. Unajua nilichowaza? Sikuwaza Mungu amesema nini nami leo. Niliwaza, “Nina deni la sura mbili.” Nikakaa kitandani nikazimaliza mbio mbio, midomo ikienda kama ya mtu anayehesabu pesa za mwenzake, nikaweka vema mbili, nikalala fofofo.

Sikumbuki hata mstari mmoja wa usiku ule. Zile vema mbili nazikumbuka mpaka leo.

Sasa, waandaaji wameniomba nizungumze juu ya kuliishi Neno kwa kulitamka, na pia juu ya neema na dini ya sheria. Walinipa kama mada mbili. Mimi naziona moja, kwa sababu dini ya sheria haiingii kanisani kwa mlango wa uovu. Huingia kwa mlango wa ibada, imekumbatia Biblia, inasoma kwa sauti nzuri kabisa. Na nisieleweke vibaya: siisemi Torati. Aliyeandika Zaburi 119 aliipenda Torati kuliko wengi wetu tunavyopenda Injili. Nasema ule moyo unaogeuza kila kitu cha Mungu kuwa malipo.

Tuanzie kinywani. Yoshua 1:8: “Kitabu hiki cha torati kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku.” Mmesikia? Kinywani. Kwetu kutafakari ni kazi ya kichwa: mtu amenyamaza, mkono shavuni, anaangalia mbali. Neno la Kiebrania lililo nyuma yake, haga, lina sauti ndani yake. Katika Isaya 31:4 ndilo linalotumika kwa simba angurumaye juu ya mawindo. Katika Isaya 38:14 ni la hua anayeomboleza. Kwa hiyo Yoshua hakuambiwa akae awaze. Aliambiwa anung’unike na Neno, alimumunye, alingurumie kama simba aliyekwisha kupata nyama na hataki kuiachia.

Ndivyo watu wa kale walivyosoma. Katika Matendo 8, Filipo anakimbilia gari la yule towashi Mwethiopia na kumsikia anasoma nabii Isaya. Kumsikia, kwa sababu mtu yule alikuwa akijisomea kwa sauti, safarini, jangwani. Miaka mia tatu na ushee baadaye Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, anasimulia juu ya Ambrosi, askofu wa Milano, kwamba alikuwa akisoma macho yakipita kwenye kurasa huku sauti na ulimi vimetulia, na anasimulia kama jambo la kustaajabisha. Leo sisi tunamstaajabia anayetoa sauti.

Kwa nini nasema haya? Kwa sababu jicho linaruka na mdomo hauruki. Jicho likifika mahali linapopajua, linasema “hapa napajua,” linapita. Mdomo lazima ulipe kila silabi.

Somo hili nilifundishwa na mama mmoja mzee asiyejua kusoma. Amekwisha kulala katika Bwana. Zaburi alizijua kwa kusikia, nyingi kuliko mimi niliyesomea. Siku moja nikaenda kumwona wodini. Nikavuta kiti, nikafungua Zaburi 23, nikaanza. Wenzangu wachungaji mnaijua ile sauti ya kusoma Zaburi 23 wodini, nyororo, na mwendo wa kuwahi wodi ya pili. Nilipofika mstari wa nne akainua kiganja, kile chenye sindano ya dripu.

“Mwanangu, rudi. Umepita bondeni kama mtu aliyepanda basi.”

Nikarudi. Nikaanza upya, polepole. Akawa ananifuata kwa midomo, bila sauti. Nilipofika tena kwenye bonde la uvuli wa mauti akanisimamisha. “Unamsikia mwenye zaburi anavyoongea? Kwenye majani mabichi anawasimulia watu habari za Mungu: hunilaza, huniongoza. Akiingia gizani hamsimulii tena. Anamgeukia mwenyewe. Wewe upo pamoja nami.”

Nilikuwa nimeihubiri zaburi ile misibani mara nyingi. Nilikuwa na mahubiri yake yenye vichwa vitatu. Ile “Wewe” sikuwahi kuisikia. Ilitaka mtu wa kuitamka, tena mtu aliye bondeni.

Haya, sasa nimwage maji baridi kidogo, maana naona baadhi yenu mmeanza kuandika: “Kusoma kwa sauti, dakika ishirini, asubuhi.” Ndilo daftari langu hilo, linarudi.

Kutamka Maandiko peke yake hakumfanyi mtu kuwa karibu na Mungu. Shetani aliyatamka. Mathayo 4. Alinukuu Zaburi 91, malaika na mikono yao, akiruka tu yale maneno “katika njia zako zote.” Yesu naye alijibu kwa Maandiko, mara tatu, na mara zote tatu kutoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6. Kwa hiyo pale jangwani pana vinywa viwili, vyote vina mistari. Tofauti iko wapi?

Sikilizeni neno la kwanza la mjaribu: “Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu...” Ukiwa. Mistari michache nyuma, mtoni Yordani, sauti ilisema: “Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye.” Katika Mathayo, wakati huo Yesu hajaponya mtu, hajahubiri hata hubiri moja. Baba ameshasema “huyu ni.” Mjaribu anakuja na “ukiwa.” Anachukua jambo lililokwisha kutolewa analigeuza kuwa mtihani.

Nimewahi kufundisha sarufi, mnisamehe. Dini ya sheria yote inakaa katika kile kisilabi kidogo, ki. Ukifunga. Ukitoa. Ukivaa hivi. Usipokosa ibada. Ukifanya hayo, ndipo atakupenda. Neema inakaa katika li na me. Fungueni Kutoka 20. Watu hukimbilia mstari wa tatu, “Usiwe na miungu mingine,” maana tulifundishwa kwamba amri kumi zinaanzia hapo. Mungu alianzia mstari wa pili: “Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa.” Niliyekutoa. Bahari imeshapasuka, wameshavuka, nguo zimeshakauka, ndipo wanapewa amri. Hakuna aliyepewa amri kumi kule Misri akaambiwa, “Mkizishika miezi sita nitakuja kuwatoa.” Ki zipo ndani ya Torati, tena nyingi, someni Kumbukumbu la Torati 28. Lakini zinakuja nyuma ya li. Paulo naye hivyo hivyo kwa Waefeso, sura ya 2: “mmeokolewa kwa neema,” kisha mstari wa kumi, “tutende matendo mema.” Ukigeuza mpangilio, maneno ni yale yale, habari si ile tena.

Na hapa niseme jambo ambalo huenda nisialikwe tena kwa kulisema. Kuna namna ya kutamka Maandiko imeenea sana, ya kukiri. Kiri uponyaji, kiri ushindi, usikiri udhaifu. Kukiri ni neno zuri la Biblia. Warumi 10 inasema neno li karibu nawe, katika kinywa chako na katika moyo wako. Lakini nimekaa na mgonjwa aliyekuwa anaogopa kusema “naumwa” mbele ya watu wa maombi, asije akaonekana amekiri vibaya. Baada ya miezi akaanza kujihesabu: ni siku gani nilikosea maneno? Huyo amewekewa kongwa, tena zito kuliko la kanuni za mavazi, maana la mavazi angalau unajua umekosea wapi.

Yesu msalabani alitamka Maandiko. Katika Mathayo na Marko alitamka Zaburi 22: “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?” Kwa kipimo cha baadhi ya mikutano yetu, amekiri vibaya. Katika Luka alitamka Zaburi 31: “mikononi mwako naiweka roho yangu.” Kilio kiko kinywani mwake na tumaini liko kinywani humo humo. Na Paulo aliomba mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa, “Neema yangu yakutosha.” Mwiba haukutoka. Hakuna aliyemwambia aongeze sauti.

Nitapita haraka kwenye swali ambalo najua liko mezani: je, neema haitawalegeza watu? Paulo aliulizwa, akajibu kwa neno moja, Hasha. Na kwa Tito akaandika kwamba neema yatufundisha kukataa ubaya. Neema ni mwalimu. Anayedhani ni likizo hajakaa darasani kwake.

Linalonisumbua zaidi ni Antiokia. Wagalatia 2. Petro alikuwa akila pamoja na watu wa Mataifa. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo, Wayahudi wasiokula na watu wa Mataifa, naye Petro akarudi nyuma, akajitenga, kwa hofu. Tazameni vizuri: Petro hakuhubiri uongo. Hakutamka hata neno moja baya. Alihama meza tu. Na Paulo akaona katika kule kuhama meza kwamba Injili yenyewe imepotoshwa, akamkemea mbele ya wote. Barnaba naye alikuwa ameshachukuliwa, Barnaba yule wa faraja! Kwa hiyo ukitaka kujua mtaa wenu unaishi kwa neema au la, usisikilize mahubiri. Angalia binti aliyepata mimba nyumbani anakaa wapi siku ya ibada, na ni akina nani wanaokaa karibu naye.

Naona mwenyekiti anakohoa. Nimalizie na wale wana wawili wa Luka 15, kwa sababu wote wawili walikuwa na hotuba.

Mdogo, kule kwa nguruwe, alitunga maneno ya kwenda kumwambia baba. Sentensi tatu. “Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako.” Moja. “Sistahili kuitwa mwana wako tena.” Mbili. “Nifanye kama mmoja wa watumishi wako.” Tatu. Hiyo ya tatu ndiyo mpango wa malipo. Nitafanya kazi, nitakatwa, tutalipana. Nadhani alizikariri njia nzima. Ningekuwa mimi ningezikariri. Baba akamwona angali mbali, akakimbia, akamwangukia shingoni, akambusu sana. Kijana akaanza. Ya kwanza akasema. Ya pili akasema. Ya tatu haimo. Angalieni mstari wa 21 wenyewe, haimo. Panapofuata ni “Lakini baba aliwaambia watumwa wake, Lileteni upesi vazi lililo bora.”

Mkubwa naye alikuwa na yake, kule nje: nimekutumikia miaka mingapi hii, sijakosa amri yako, hujanipa mwana-mbuzi. Hilo ni daftari, ndugu zangu. Mimi mwandiko wake naujua. Baba hakulichana. Alimjibu, “Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako.” Kama aliingia ndani au alibaki nje na daftari lake, Luka hasemi.

Sasa tufanye jambo moja kabla ya maswali. Geukianeni wawili wawili. Mmoja asome maneno ya mwana mdogo, yale aliyoyapanga, mstari wa 18 na 19, zote tatu, kwa sauti ya kusikika. Mwenzake asome maneno ya baba, mstari wa 22. Ninyi mnaosoma ya baba, mwenzako akimaliza sentensi ya pili, anza. Msimsubiri amalize.