Nani anamhitaji nani? Mhadhara kuhusu lugha za mji wetu

Asalaam aleikum, hamjambo nyote, wazee shikamooni, na nyinyi vijana mliojazana hapo mlangoni ingieni ndani bwana, viti vya mbele havina mwenyewe.

Nimeambiwa nizungumze kwa nini watu wa miji mingine wanakua na lugha tatu nne kinywani na wengine wanaishi na moja mpaka kufa. Majibu ya haraka mnayajua. Utasikia ah, watu wa Mombasa wana vipaji, ama utasikia ni bandari hii, kila kabila limepita hapa. La vipaji ni la kujifurahisha tu, tuliwache. La bandari lina ukweli lakini halitoshi, manake London nako kuna watu wa kila aina, kwenye skuli zao zimewahi kuhesabiwa lugha zaidi ya 300, lakini mjukuu wa mtu aliyehamia pale kutoka Italia mara nyingi ashabaki na Kiingereza peke yake. Lugha ziko mjini, kinywani mwake hazimo. Kwa hivyo mimi siulizi mji una lugha ngapi, nauliza nani anamhitaji nani.

Tuanze mbali kidogo. Majahazi ya Oman, ya Hadhramaut kule Yemen na ya Kachi kule India yalikuwa yaja na upepo wa kaskazi, tuseme Desemba mpaka Machi hivi, na hayarudi mpaka kusi ianze. Sasa nahodha na wafanyabiashara wake wamekaa hapa miezi, watakula nini, watauza kwa nani, watalala wapi? Wengine wakaoa kabisa. Na mtoto akizaliwa analelewa na mama na bibi zake wa hapa, baba yuko baharini ama yuko dukani, kwa hivyo lugha inayomkaa ni ya mama. Ndio maana leo mna Wahadhrami wengi tu hapa mjini, majina ya koo zao wanayajua mpaka babu wa saba, lakini nyumbani ni Kiswahili, Kiarabu kimebaki cha chuoni, yaani madrasa, na cha sala. Wabaluchi nao, babu zao waliletwa kama askari wa masultani wa Oman, na wengi wa leo ukiwasikia barzani ni Waswahili tu.

Halafu ikaja reli. Ujenzi ulianza hapa 1896 ukafika Ziwa Victoria 1901, na vibarua walioletwa kutoka India walikuwa zaidi ya 30,000. Wengi walirudi kwao, lakini biashara ilifunguka na Wahindi wengine wakaja kufungua maduka. Angalia nyumba ya Mkachi hapa mjini: ndani Kikachi, na watu wa jamii nyingine Kigujarati, na mteja Kiswahili, na benki Kiingereza. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha zote. Na yule kijana wa Kidigo anayepima vitambaa dukani naye Kikachi anakijua vizuri sana, manake lazima ajue tajiri anasema nini na mkewe kuhusu bei ya mwisho. Matajiri wengine wanajua hili, utaona wameshusha sauti ghafla!

Lakini kama mwataka kuona kiwanda chenyewe cha lugha, msiende bandarini, nendeni mtaa wa Majengo. Ile nyumba yetu ya Kiswahili, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, nyuma kuna ua, na kwenye ua ndiko kwenye jiko, choo na mfereji wa maji. Kila chumba familia yake. Chumba hiki Mkamba, kinachofuata Mjaluo, mkabala mama wa Kigiriama na watoto wanne, mbele kabisa mwenye nyumba. Hawa kina mama wakipika wako pamoja, wakifua wako pamoja, wakigombana ndio kabisa, na ugomvi ni mwalimu mzuri wa lugha kuliko vitabu, manake mtu akitukanwa lazima atake kujua ametukanwa nini. Watoto wanacheza humo humo siku nzima. Mtoto hajifunzi lugha kwa mzazi peke yake, anajifunza zaidi kwa wenzake anaotaka kucheza nao, na akikosea watamcheka, kesho hakosei.

Na masikio ya mtoto yako tayari kwa hayo. Kuna utafiti maarufu wa Janet Werker na Richard Tees, Kanada, ulitoka 1984. Waliwapima watoto wachanga wa nyumba za Kiingereza kama wanaweza kutofautisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao wenyewe hawazisikii. Wa miezi sita hivi wanaweza, wakikaribia mwaka mmoja wengi washapoteza. Yaani mtoto anazaliwa na mlango wazi, halafu anaufunga kwa kile ambacho hakisikii. Kwa hivyo wale wanaoniambia tusimchanganyie mtoto lugha atachanganyikiwa, hapana. Atachanganya maneno kwenye sentensi moja ndio, na sisi wakubwa je? Makanga wa matatu ya Likoni anachanganya tatu kwa pumzi moja na chenji yako anakupa sawa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo huenda mtu asilipende. Kujifunza lugha ya mwenzako mara nyingi si kwa pande zote mbili. Mgiriama anajua Kiswahili, Mswahili wa Kibokoni, Mji wa Kale, anajua Kigiriama? Wachache. Mkamba anajua Kiswahili na Kiingereza, nani kati yetu anajua Kikamba kupita salamu? Mwenye haja ndiye anayejifunza, na mwenye haja mara nyingi ndiye mnyonge. Hata sisi wenye Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, hatukusalimika. Mwaka 1928 wakoloni walikaa hapa hapa Mombasa kwenye mkutano wakaamua Kiswahili sanifu kifuate Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, si Kimvita cha mshairi wetu Muyaka. Tangu hapo mtoto wa Mji wa Kale akiandika skuli kama bibi yake anavyozungumza anapigwa kosa kwa kalamu nyekundu, basi akajifunza lahaja ya pili kabla hata ya kufika Kiingereza.

Serikali nazo zinaweza kuipindua hii haja. Montreal, kule Kanada, sheria ya 1977 iliwapeleka watoto wengi wa wahamiaji skuli za Kifaransa, lakini Kiingereza kimewazunguka bara zima, na nyumbani wana chao, basi wengi wao wana lugha tatu. Singapore ni upande wa pili. Ina lugha nne rasmi, lakini 1979 ilianza kampeni ya kuwahimiza Wachina wazungumze Kimandarini waache lahaja zao, leo kuna wajukuu hawawezi kupiga gumzo na bibi zao wanaozungumza Kihokkien. Mji wa lugha nyingi, na bibi hana wa kuzungumza naye.

Sisi hatuna kampeni, tuna fleti. Zile nyumba za ua zinabomolewa, zinapanda ghorofa saba nane, kila mtu na mlango wake wa chuma, mfereji wake ndani, mtoto yuko na TikTok. Jirani ni Mluhya ama ni Mmeru hata hujui.

Na haja zimehamia kwengine. Saa hii hapa Mombasa kuna manesi wanasoma Kijerumani usiku na mchana, wanatakiwa wafike kiwango cha B2, yaani mtu anayeweza kujieleza vizuri, ndio wapate kazi Ujerumani, na wanafika, wengine hata baada ya shifti ya usiku. Nawapongeza, riziki ni riziki. Lakini akija wodini bibi kutoka Ganze anayejua Kigiriama tu, anaitwa askari wa getini aje atafsiri mahali panapomuuma, na bibi mambo mengine atayameza, manake hawezi kumwambia mwanamume asiyemjua. Hakuna aliyewahi kuwaambia manesi kwamba Kigiriama kina nyongeza ya mshahara. Kiwekewe hata elfu mbili kwa mwezi tuone kama wodi haitakizungumza kabla ya mwaka kuisha.

Haya, naona mama mwenye leso ya kijani ashanyoosha mkono kitambo, uliza mama.