Tuanzie Chini: Kulitengeneza Gari Kuukuu la Fowili Hapa Malindi

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Nawashukuru mafundi mliofunga kazi mapema, na nyinyi wenye magari mliokuja na maswali.

Nimeombwa nizungumzie namna mtu anavyoweza kulitengeneza na kuliboresha gari lake kuukuu la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, kwa mikono yake. Nawaona hapa wenye Land Rover za zamani na wenye Land Cruiser, na najua wengi mnangoja habari za winchi, tairi kubwa na springi za kuinua. Tutafika. Lakini huku kwetu Pwani gari hufa chini kabla injini haijachoka. Chumvi ndiyo inayoliua. Pesa unayotia juu kabla hujashughulika na chini, ujue umeitupa.

Kitazameni hiki kipande cha chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, hapa mezani. Rangi nyeusi imekaa vizuri, ukikipita utasema ni kizima. Nakigonga kwa nyundo ndogo. Hapa chuma kinalia. Sogea kidogo, hapa: sauti imezama, na bisibisi imepenya bila nguvu. Ndani mnaona mchanga ulioshikana, mwekundu wa njia ya Tsavo na mweupe wa Ngomeni, umeziba vitundu vya kutolea maji. Chesisi hizi ni chuma cha pembe nne kilicho wazi ndani, kwa hiyo huoza kutoka ndani kuja nje. Mchanga wenye chumvi haukauki, kwa sababu chumvi huvuta unyevu wa hewani, na usiku wa Malindi unyevu ni mwingi. Gari limeegeshwa, hulitumii, na bado linaliwa.

Wenye Land Rover mna jambo jingine. Gari hilo lilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa ingali inagawa chuma kwa mgao baada ya vita, ndipo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Bodi haishiki kutu, na watu wengi huishia hapo kwa kuisifu. Lakini imekaa juu ya chesisi ya chuma na kufungwa kwa bolti za chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake, na aluminiamu ndiyo inayoyeyuka. Ule unga mweupe chini ya milango ndio huo. Ukifungua bodi kwa sababu yoyote, usiirudishe chuma kwa aluminiamu: piga rangi pande zote mbili na uweke washa za raba katikati.

Kazi ya chesisi haina siri, inataka subira tu. Chokoa vitundu vyote kwa waya. Ingiza mpira wa maji ndani na uache mpaka maji yatoke safi, na yawe maji matamu. Visima vyetu vingi vya karibu na bahari vina chumvi, utakuwa unaongeza ugonjwa. Liache likauke juani, kisha gonga shubiri kwa shubiri. Palipooza, kata mpaka ufikie chuma kizima, uchomelee bamba la unene uleule. Kabla ya kuchomelea, ondoa nyaya za betri na alteneta, na kama ni karibu na tangi la mafuta, lishushe. Puti kwenye chesisi siikubali hata kidogo. Fundi anayejaza puti na kupaka rangi ya lami juu yake anamwuzia mteja ajali. Mwisho pulizia nta ya kuzuia kutu ndani. Kuna desturi ya kumwaga oili chafu ya injini; iacheni, inaharibu raba za bushi, nayo inadondokea ardhi ileile tunayochotea maji.

Na hili nalisema nikimwangalia kila kijana humu: usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wala usilitegemeze kwa mawe ya kukata. Mawe yetu ni matumbawe, yanabeba ukuta vizuri, lakini uzito ukikaa mahali padogo hupasuka ghafla. Nunua stendi za chuma kabla hujanunua kitu kingine chochote.

Ndugu pale nyuma ameuliza mbona oili ya difu yake, lile boksi la gia lililo katikati ya ekseli, imekuwa nyeupe kama maziwa ya chai. Swali zuri sana, kwa sababu jibu lake ndilo boresho ninalolipenda kuliko yote. Ukienda mwendo mrefu, difu inapata moto na hewa ya ndani inatanuka. Ukiingia kwenye maji, inapoa mara moja, hewa inanywea, na difu inavuta pumzi. Juu yake pana kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na tope, itavuta kupitia kwenye sili, zile raba za kuzuia oili isivuje, na itakachovuta ni maji. Dawa yake ni kipande cha mpira unaostahimili mafuta na joto: funga kwenye kitundu hicho, upandishe hadi karibu na injini, juu kabisa, na uache ulegee kiasi ili springi zikicheza usikatike. Fanya hivyo difu zote mbili na giaboksi. Kisha badilisha oili iliyoingia maji, na fungua habu uangalie grisi ya beringi.

Kwenye kupoza injini, naomba tuache tabia ya kung'oa themostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta. Injini nyingi, zikiwemo za Toyota, zina njia ya mkato ambayo themostati huifunga inapofunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta, na gari linachemka zaidi kwenye mlima. Ipime nyumbani: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Itaanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi digrii 82 au 88, na iwe imefunguka kabla maji hayajachemka. Isipofunguka, nunua nyingine. Rejeta itie kulanti, ile dawa ya maji ya kupoza injini, hata kama baridi ya kugandisha maji hatuijui. Kazi yake hapa ni kuzuia kutu.

Wenye 1HZ, ile injini ya Land Cruiser ya dizeli ya silinda 6, taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu zifuatane na pistoni, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama umenunua gari mkononi mwa mtu na hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa. Ikikatika, pistoni zinagonga valvu. Injini hiyo haikutengenezwa na tabo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi; ukiifunga tabo bila kupima joto la moshi, utavunja kitu kilichokuwa kinakutosha.

Tairi kubwa? Ukitoka inchi 31 kwenda 33, mshale ukisoma 80 wewe uko 85, gia zimekuwa nzito, na breki zinafanya kazi zaidi. Kwa hiyo breki kwanza, na oili yake ibadilishwe kila miaka 2 kwa kuwa hunyonya maji. Kwenye mchanga wa Mambrui, kushusha upepo hadi pauni 18 kutakusaidia kuliko tairi mpya, mradi uujaze tena kabla ya kushika lami. Winchi ni nzuri, ila ifungwe kwenye chesisi uliyokwisha kuigonga.

Sasa tutoke. Land Cruiser iliyo nje iko juu ya stendi, na mipira ya kupumulia iko kwenye ndoo ya bluu. Tutaanza na difu ya nyuma. Watakaoingia chini wachukue miwani hapa mlangoni, mchanga wake haujasafishwa bado.