Betri Inayolala Pikipiki Ikiwa Imeegeshwa

Rehema: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Rehema, na kama kawaida niko na Fundi Salim. Leo tunazungumzia pikipiki unayoizima jioni ikiwa haina tatizo lolote, ukaiacha siku tatu au nne, na ukirudi kubonyeza stata unasikia mlio mmoja mdogo wa "tik", huku taa za dashibodi zikififia mbele ya macho yako. Fundi, wengi wetu hapo hukimbilia kununua betri mpya. Je, tunakosea?

Salim: Ahsante, dada Rehema. Hamkosei kila mara, kwa sababu betri nayo huzeeka, lakini kununua kabla ya kupima ni kubahatisha. Nami nasema hivyo nikiwa miongoni mwa waliobahatisha. Pikipiki yangu mwenyewe ilinilazia betri mbili ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza niliitupa nikiamini imechakaa. Ya pili ilipolala siku ya nne tu baada ya kuifunga, nikaona haya na kwenda kuchukua mita ya kupimia umeme.

Rehema: Hiyo tutairudia. Kwanza, mtu asiye fundi aanzie wapi?

Salim: Aanze na jaribio ambalo, baada ya kuichaji betri hadi ijae, halihitaji kitu zaidi ya spana. Afungue waya wa hasi, auweke pembeni ambapo hautagusa betri, kisha aiache hivyo kwa muda uleule ambao kwa kawaida huilaza. Akirudisha waya na injini ikawaka kwa stata bila shida, betri ni nzima na mnyonyaji, yaani kitu kinachonyonya umeme wake, yumo ndani ya pikipiki. Ikiwa imelala hata ilipokuwa haijaunganishwa na kitu chochote, basi ugonjwa ni wa betri yenyewe, na hakuna haja ya kumsumbua mtu yeyote kwa kupekua nyaya.

Rehema: Umesema waya wa hasi. Kuna ubaya gani kuanza na wa chanya?

Salim: Ubaya upo, tena mkubwa. Fremu yote imeunganishwa na hasi, kwa hiyo spana iliyoshika terminali ya chanya ikigusa fremu, inatokea shoti na cheche, na betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka. Kwa hiyo hasi hufunguliwa kwanza, na wakati wa kurudisha hufungwa mwisho.

Rehema: Sasa tuseme mtu ana mita. Anasoma nini?

Salim: Aanze na volti, lakini asipime mara tu baada ya kuzima injini, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu zisizo na nguvu nyuma yake. Aiache itulie saa kadhaa. Betri ya volti 12 ya asidi iliyojaa husoma takriban 12.6 hadi 12.8, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, na ikishuka chini ya 12 iko karibu tupu. Hesabu hizi si za betri za lithiamu, ambazo zikijaa husoma zaidi ya 13. Baada ya hapo, akiwa bado ameshikilia mita kwenye terminali, mtu mwingine abonyeze stata. Volti zitashuka, na hilo ni jambo la kawaida, lakini zikianguka chini sana ya 10 wakati betri ilikuwa imejaa, ujue imechoka ndani.

Rehema: Na kama pikipiki haichaji betri ipasavyo inapotembea?

Salim: Hilo hujulikana kwa dakika moja. Washa injini, pandisha mzunguko kidogo, upime volti kwenye betri. Ukipata kati ya 13.5 na 14.5, kwa kawaida chaji inaingia vizuri. Zikibaki 12 na kitu, betri hailali kwa sababu imeegeshwa, bali iliegeshwa ikiwa tayari na njaa. Zikizidi 15, regulata, yaani kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji, haizuii tena, na betri inapikwa.

Rehema: Tufike kwa mnyonyaji sasa. Anapimwaje?

Salim: Hapa naomba msikilizaji awe mtulivu, kwa sababu ndipo fyuzi za mita zinapoungua. Zima pikipiki na utoe ufunguo. Fungua waya wa hasi. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, na uchague kipimo hicho. Kisha mita isimame kama daraja: ncha moja kwenye terminali ya hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa hasi ulioufungua, ili umeme wote unaotoka upitie ndani ya mita. Ikionekana kwamba ni mdogo, ndipo unashuka kwenye kipimo cha miliampea. Usiwashe ufunguo wala kugusa stata mita ikiwa hapo.

Rehema: Mimi niliwahi kuweka ncha moja kwenye chanya na nyingine kwenye hasi nikidhani napima ampea.

Salim: Na mita ikanyamaza.

Rehema: Ikanyamaza kabisa.

Salim: Uliifanya kuwa waya mtupu kati ya chanya na hasi, hiyo ni shoti kamili. Kosa jingine linalofanana na hilo ni kusahau kurudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti baada ya kazi. Ukipima volti kesho yake, matokeo ni yaleyale.

Rehema: Haya, mita imekaa sawasawa. Namba gani inatisha?

Salim: Pikipiki isiyo na alamu wala vifaa vya kuongezwa hutakiwa kunyonya kidogo sana, mara nyingi miliampea 1 au chini yake, na yenye saa na kompyuta ya injini inaweza kufika chache zaidi. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Ipe dakika kadhaa kabla ya kusoma, maana baadhi ya kompyuta hizo huchelewa kulala. Yangu ilisoma 38.

Rehema: Miliampea 38 zinasikika kama si kitu.

Salim: Zipige hesabu. Miliampea 38 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 0.9 kwa siku. Betri yangu ilikuwa ya ampea-saa 7, kwa hiyo kufikia siku ya nne nusu yake ilikuwa imekwenda, na nusu iliyobaki haikutosha kuizungusha stata. Ndiyo maana taa na honi zilikuwa bado zinafanya kazi, jambo lililonichanganya kwa muda mrefu.

Rehema: Ukampataje mnyonyaji?

Salim: Njia ni kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku jicho likiwa kwenye mita. Fyuzi ambayo ikichomolewa namba inaanguka, ndiyo inayolisha sehemu yenye tatizo. Mimi nilichomoa zote ndogo, moja moja, na mita ikabaki kwenye 38 kana kwamba sijagusa kitu. Nilikaa chini nikaitazama ramani ya nyaya, ndipo nikakumbuka kwamba kwenye pikipiki nyingi rektifaya huunganishwa na betri bila kupitia swichi ya ufunguo wala fyuzi hizo ndogo. Nikaifuata chini ya tangi, nikabana kishikio cha soketi yake na kuivuta. Namba ikaanguka hadi 0.6 papo hapo.

Rehema: Rektifaya inahusikaje na umeme wa pikipiki iliyozimwa?

Salim: Kazi yake ni kuugeuza umeme wa alternata, yaani kizalishaji umeme kinachozungushwa na injini, uwe wa mkondo mmoja, na dayodi zilizo ndani yake huuruhusu umeme uende upande wa betri na kuuzuia usirudi. Vijenzi hivyo vikiharibika, kizuizi kinavuja, na betri inanyonywa polepole usiku kucha. Kilichoniponza ni kwamba volti za kuchaji zilikuwa 14.1, sawa kabisa, nami nikaitoa rektifaya kwenye orodha ya washukiwa mapema mno.

Rehema: Washukiwa wengine ni akina nani?

Salim: Vitu vilivyoongezwa, na kwa kweli hivyo ningevitazama kabla ya fyuzi yoyote: soketi ya kuchajia simu, alamu, taa za ziada, hasa vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Swichi ya ufunguo iliyoingia maji pia huvujisha. Na kabla ya hayo yote, angalia kama ufunguo haukuachwa kwenye alama ya P, maana hapo taa ya nyuma hubaki inawaka.

Rehema: Na kama mnyonyaji ni kifaa cha kufuatilia pikipiki ikiibwa? Hicho hakizimwi.

Salim: Hicho kinatakiwa kuwa macho, kwa hiyo ukikipitisha kwenye swichi ya ufunguo umekiua. Pima kinanyonya kiasi gani, piga hesabu kama tulivyofanya, ujue betri yako itavumilia siku ngapi. Ikiwa pikipiki itakaa zaidi ya hapo, iachie chaja ndogo inayojizuia yenyewe betri ikijaa.

Rehema: Na ile betri ya kwanza uliyoitupa?

Salim: Sikuwahi kuipima, dada. Huenda ilikuwa nzima.